Boti faiba futi 21 na V6 200: spidi imekwama noti 37 na hapo hapo yaanza kupepesuka, tusaidiane

Mwanamaji_Tudor:
Salam alekum wakuu, na habari za asubuhi kwa wote. Niko na boti ya faiba futi 21, tumbo la V kali kule tezini (nyuma ya boti) kama digrii 22 hivi, ina Yamaha V6 200 tu-stroki, gia 1.86, propela ya alminiamu mapanga matatu pichi 19 (yaani kila mzunguko ingesonga mbele inchi 19). Mashine iko sawa, kompresheni silinda zote zakaribiana, haina moshi wa ajabu. Shida ni mbili. Gesi mpaka mwisho nasoma revu 5600 (mizunguko ya mashine kwa dakika) na GPS yasema noti 37 (maili za baharini kwa saa), haiendi zaidi ya hapo hata nifanyeje. Ya pili ndo yanitia wasiwasi, ikikaribia 35 huanza kulala kushoto, yalala kulia, yalala kushoto tena na kila mlalo ni mkubwa kuliko wa kwanza mpaka nipunguze gesi. Usukani ni wa kebo moja. Kila nimuulizae aniambia weka propela ya 21 au 23 maneno yaishe. Nataka kusikia kwa watu wenye boti zao kabla sijatoa pesa, maana propela ya stili ya maana si pesa ndogo.

Shimanzi_Boy:
Weka 23 ya stili bro. Revu 5600 ni nyingi kwa hiyo mashine, mwisho wake ni 5500, inamaanisha propela ni nyepesi. Pichi ikipanda spidi inapanda, ni hesabu tu.

Kusi_Kaskazi:
Shimanzi_Boy hesabu ni kweli lakini tuifanye mpaka mwisho. Chukua revu 5600 zidisha pichi 19, gawanya kwa 1.86, halafu gawanya kwa 1215 upate noti. Inakuja kama 47. Hiyo ndo spidi ambayo propela ingeenda kama maji yangekuwa kitu kigumu kisichoteleza. GPS yasema 37. Noti kumi zapotea, yaani asilimia 21 ni slipu. Boti ya namna hii ikiwa imetengenezwa vizuri slipu hucheza kati ya asilimia 10 na 15. Sasa ukimpa pichi 23 propela ambayo tayari haishiki maji, utashusha revu, utaitesa mashine wakati wa kutoka, na spidi huenda ipande kidogo au isipande kabisa. Tafuta kwanza slipu inatoka wapi. Pichi ni jambo la mwisho kabisa, na watu wengi hapa pwani wanaanza nalo kwa sababu ndo kitu cha kununua dukani.

Mwanamaji_Tudor mwanangu, nijibu haya. Boti ikiwa nchi kavu inakaa juu ya nini? Ule ubapa wa mashine ulioko juu ya propela uko wapi ukilinganisha na tumbo la boti, chini yake, sawa nalo au juu? Betri, tenki na sanduku la barafu viko upande gani? Na hiyo GPS ulisoma ukienda upande mmoja tu au kwenda na kurudi?

Mwanamaji_Tudor:
Ami, nchi kavu iko juu ya trela la rola lakini mwenye kuniuzia alikuwa ameiweka juu ya matairi kwa muda mrefu. Ubapa uko chini ya tumbo, nimepima sasa hivi, inchi moja na robo hivi chini. Betri mbili ziko kulia, sanduku kulia, na usukani uko kulia. GPS nilisoma nikitoka Tudor kwenda nje, maji yakijaa.

Kusi_Kaskazi:
Basi majibu umeyatoa mwenyewe karibu yote. Maji yakijaa mkondo unaingia ndani ya hori na wewe ulikuwa unatoka, kwa hiyo hiyo 37 imekatwa na mkondo. Pima kwenda na kurudi mstari ule ule kisha toa wastani, na uchague siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua (maji makubwa) pale chini ya daraja la Nyali mkondo unakimbia mpaka vipimo vyote vinakuwa uongo. Yaani slipu yako huenda ni ndogo kidogo kuliko tulivyohesabu, lakini dalili bado ziko pale pale.

Ninavyoliona mimi jambo hili, spidi inatoka chini ya boti kwanza, halafu kimo cha mashine, halafu uzito umekaa wapi, halafu usukani, na propela inakuja kumalizia. Ukiruka hatua utanunua propela tatu na bado hujui tatizo ni lipi. Na kila ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, toka, pima, andika kwenye daftari, rudi. Mafuta kiasi kile kile, watu wale wale ndani.

Fundi_Faiba:
Niingilie hapo kwa tumbo la boti maana hii ndo kazi yangu. Matairi ni adui mkubwa wa boti ya kasi. Boti ikikaa miezi juu ya tairi mbili na mzigo wa mashine uko nyuma, faiba inajipinda pole pole na inabaki hivyo. Chukua rula ndefu ya alminiamu, ile ya mafundi wa vigae ya mita mbili, boti ikiwa imeinuliwa lala chini uiweke kwenye tumbo kuanzia ukingo wa nyuma kuja mbele, mita moja na nusu ya mwisho ndo muhimu. Fanya hivyo katikati na kila upande, kati ya ile mistari iliyotokeza. Washa tochi upande wa pili. Mwanga ukipita katikati ya rula, na miisho yote miwili ya rula imegusa, una bonde, na bonde hilo karibu na tezi linafanya kazi ya kusukuma tezi juu na omo (mbele ya boti) chini, boti inalala kwenye maji badala ya kuinuka juu yake. Ukikuta kinyume chake, tumbo limevimba, rula inacheza mbele nyuma, hapo utapata omo inayodundadunda hata kwenye maji tulivu. Milimita mbili tu zinatosha kuharibu boti ya noti 40. Na bonde likiwa upande mmoja tu boti itakuwa inalala upande mmoja kila siku na utalaumu mashine bure.

Dawa yake: kwangua rangi na jelkoti (ile ngozi ya juu ya faiba) mpaka faiba safi, jaza kwa epoksi yenye unga wake, si ile pati ya magari, halafu piga msasa kwa ubao mrefu, si kwa mkono wala mashine ndogo. Mkono unafuata mawimbi, ubao mrefu unayakata. Ukimaliza, ule ukingo wa mwisho pale tumbo linapokutana na transomu (ukuta wa nyuma unaobeba mashine) uwe mkali, usiuzungushe. Najua watu wanapenda kuuzungusha wakipiga rangi maana unapendeza. Ukingo wa mviringo maji yanaupanda yanashika transomu, ukingo mkali maji yanakatika na kuachia boti.

Kingine, boti za zamani chini ya sakafu zina foma ya njano. Ikinywa maji haikauki. Toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya ngama (chini ya sakafu) usubiri uone. Nimefungua boti ambayo mwenyewe alikuwa akilalamika mashine imechoka, kumbe mashine haina tatizo, alikuwa amebeba maji ya miaka na miaka chini ya miguu yake.

Shimanzi_Boy:
Hii ya rula sikuwa naijua, shukran fundi. Lakini V ya digrii 22 si ndo mbaya kwa spidi? Boti bapa inateleza zaidi.

Kusi_Kaskazi:
Kwenye maji ya bwawa ni kweli, bapa inaenda zaidi kwa nguvu ile ile. Lakini toka hapo nje ya mwamba wa Nyali mwezi wa saba upepo wa Kusi umeshika, uone hiyo boti bapa itakufanya nini mgongo. V kali ilishajithibitisha tangu 1960, boti ya Moppie ya Dick Bertram, tumbo lilichorwa na Ray Hunt, ilishinda mbio za Miami kwenda Nassau katika bahari chafu iliyowashinda wengine. V yake ilibaki kama digrii 24 mpaka tezini. Bei ya V ni kwamba ikiinuka sana inasimama kwenye ukanda mwembamba wa katikati, na hapo kitu chochote kidogo kinaiangusha upande. Ndo huko kupepesuka kwa Mwanamaji. Usibadilishe boti, jifunze kuisimamisha.

Dada_Mtwapa:
Kwenye kupepesuka naomba niseme, mimi naendesha boti za wageni huku Mtwapa na nimeona vijana wakilichukulia jambo hili kama mchezo. Kitu cha kwanza kabisa ni usukani. Mwanamaji zima mashine, mtu mmoja ashike usukani kwa nguvu usiende popote, wewe nenda nyuma ushike mashine uisukume kushoto na kulia. Ikicheza hata upana wa kidole, hapo ndipo boti inapopata nafasi ya kuanza kulala. Kebo moja daima ina mchezo, na yako najua imekula chumvi. Kwa noti 40 kwenda mbele weka kebo mbili zinazovutana au haidroliki (usukani wa mafuta), na kama pesa ni moja tu kati ya usukani na propela, nunua usukani. Hilo sibishani na mtu.

Halafu hamisha betri. Propela ya kuzunguka kulia inasukuma boti ilale kushoto, ndo maana boti nyingi zimeweka dereva kulia amsawazishe, lakini wewe umeweka dereva na betri mbili na sanduku, upande wote wa kulia umejaa. Toa betri moja iende kushoto, sanduku liende katikati. Pima watu wakiwa ndani.

Na ukiwa mbio ikaanza kupepesuka usipigane nayo kwa usukani maana utachelewa kila mara na utakuwa unaongeza. Shusha trimu kidogo (yaani rudisha mashine ndani kuelekea boti), punguza gesi taratibu. Ukiachia gesi ghafla omo inaanguka, inashika maji, boti inageuka na wewe unatoka. Kamba ya kuzima mashine ifungwe mguuni au kwenye boya lako la kuvaa, si kuning'inia kwenye dashibodi. Marekani wameifanya sheria tangu Aprili 2021, hapa kwetu tusingoje kulazimishwa.

Bin_Kibokoni:
Mimi natetea propela ya alminiamu kidogo. Wengine tunapita juu ya miamba maji yakipwa, alminiamu ikigonga inapinda yenyewe, stili ikigonga inapeleka pigo mpaka kwenye gia. Giaboksi ya V6 nani atanilipia?

Kusi_Kaskazi:
Bin_Kibokoni uko sahihi kwa kazi yako, na kwa boti ya kuvua karibu na mwamba nisingekushauri vingine. Stili nayo ina raba katikati inayopunguza pigo lakini haikingi kila kitu. Ila kwa spidi, panga la alminiamu ni nene na likisukumwa na farasi 200 linajikunja, pichi 19 uliyonunua haibaki 19 ukifungua gesi yote. Stili ni nyembamba na inabaki ilivyo. Beba ya alminiamu ndani ya boti iwe ya akiba, na huko kwenye miamba mtu apite pole pole.

Na kabla hujaitupa hiyo ya sasa, ivue uilaze juu ya meza bapa au kioo, pima kila ncha ya panga iko juu kiasi gani kutoka kwenye meza, pahali pale pale kwa mapanga yote matatu. Propela zilizonyooshwa kwa nyundo mara nyingi zatofautiana. Mapanga yasiyofanana yatakupa mtetemo na slipu na hakuna pichi itakayokuokoa.

Sasa kimo cha mashine, hapa ndo kuna noti nyingi za bure. Ubapa wako uko inchi na robo chini ya tumbo, maana yake sehemu kubwa ya mguu wa mashine inaburutwa majini bila sababu. Matundu ya kufungia mashine yameachana robo tatu ya inchi. Boti ikiwa nchi kavu, mashine imeshikwa na wenchi, panda tundu moja. Toka upime. Rudi, panda jingine. Kila hatua andika revu, spidi, presha ya maji na joto. Utaona revu zinapanda na spidi inapanda, mpaka ufike mahali revu zinapanda lakini spidi haitaki, au ukikata kona propela inavuta hewa na mashine inalia. Hapo rudi tundu moja chini, umefika. Boti nyingi za V zenye propela nzuri hukaa ubapa ukiwa sawa na tumbo au inchi moja hivi juu. Mambo ya kupeleka mhimili wa propela karibu na usawa wa tumbo ni ya boti za mashindano zenye mguu maalumu, unaovuta maji kwa chini kwenye pua, si pembeni kama wako.

Dada_Mtwapa:
Na geji ya presha ya maji si anasa. Ule mkojo wa mashine (maji ya kupozea yanayochuruzika nje) unaweza kutoka vizuri kabisa huku pampu yavuta nusu hewa. Ukipandisha mashine bila geji unaendesha kipofu.

Shimanzi_Boy:
Na jeki pleti? Nimeona watu wanaisifu sana.

Kusi_Kaskazi:
Ni nzuri. Inarudisha mashine nyuma inchi kadhaa kutoka kwenye transomu, na maji yakitoka chini ya boti huanza kupanda, kwa hiyo unaweza kuinua mashine zaidi na propela bado iko kwenye maji safi. Pia omo inanyanyuka kwa urahisi. Lakini mzigo wote ule unaning'inia mbali na transomu, na transomu nyingi za huku ndani ni mbao iliyofunikwa faiba. Igonge kwa nyundo ndogo kuanzia juu mpaka chini, penye mbao nzima mlio ni mkali, penye mbao iliyooza mlio unakufa. Ukisikia umekufa, usifunge jeki pleti wala usiendelee na mashine ya 200 mpaka fundi afungue.

Bin_Kibokoni:
Na trimu je, mimi huwa naisukuma nje mpaka omo yote iko juu, nahisi ndo inaruka.

Kusi_Kaskazi:
Inaruka kweli, lakini jicho liwe kwenye GPS usiwaze omo. Unatoka na mashine imeingia ndani, boti ikikaa juu ya maji unaanza kusukuma nje kidogo kidogo, spidi inapanda, inafika mahali haipandi tena. Ukiendelea hapo hupati noti hata moja, unaipa hewa nafasi ya kuingia chini ya tumbo. Donald Campbell tarehe 4 Januari 1967 pale Coniston Water, Uingereza, na Bluebird K7 yake katika spidi ya zaidi ya kilomita 480 kwa saa, omo iliinuka boti ikapinduka kinyumenyume na akafa. Sisi tuko mbali na spidi hizo lakini hewa inafanya kazi ile ile kwa boti nyepesi ikipanda mgongo wa wimbi la meli kule Kilindini na trimu iko nje yote.

Mwanamaji_Tudor:
Wakuu nimerudi. Fundi alikuja na rula, kumbe kulia kuna bonde la milimita tatu pale tairi lilipokuwa, kushoto hakuna kitu. Limejazwa na kusuguliwa. Betri moja imehamia kushoto. Usukani ulikuwa na mchezo mkubwa, nimefunga haidroliki. Mashine imepanda matundu mawili, ubapa sasa uko juu kidogo tu ya tumbo, geji ya presha haikushuka. Propela ni ile ile ya 19, ncha zake nimepima zafanana. Asubuhi maji mafu, upepo hakuna, wastani wa kwenda na kurudi ni noti 40.5 kwa revu 5700, ingawa sikuzishikilia. Kupepesuka kumebaki kidogo sana na naweza kukushika kwa trimu.

Kusi_Kaskazi:
Mashallah. Hesabu: 5700 mara 19, gawanya 1.86, gawanya 1215, ni karibu noti 48. Slipu yako sasa ni asilimia 15 na ushei. Sasa ndo wakati wa pichi, na usizidishe 5500 tena na hiyo propela, ipe gesi kasoro. Inchi moja ya pichi hushusha revu kama 150 mpaka 200, kwa hiyo 21 ya stili itakupeleka karibu 5300, ambapo mashine yako iko mahali pake. Chukua yenye ukingo uliokunjwa kidogo kwenye mapanga, unasaidia kushika maji mashine ikiwa juu, lakini ujue huo mkunjo nao unakula revu kidogo. Slipu ikishuka mpaka 12 utaona noti 43 na kitu. Ya 23 ingekushusha chini ya 5000 ukiwa na watu na mafuta, na hapa Mombasa joto na unyevu wa hewa vinapunguza nguvu ya mashine, kwa hiyo zile chati za watu wa maziwa ya nchi za baridi zinamdanganya mtu wa huku. Mapanga matatu kwa spidi. Manne kama wabeba watu wengi na wataka kona ishike, noti moja au mbili utazipoteza.

Bin_Kibokoni:
Mwanamaji ukitaka kuijaribu, nina rafiki ana 21 ya stili imekaa tu, nitamuuliza kama atakuazima kabla hujanunua. Nitakutumia ujumbe.

Mwanamaji_Tudor:
Utakuwa umenisaidia sana. Nikiifunga kuna kitu cha kuangalia?

Dada_Mtwapa:
Paka gris ya baharini kwenye meno ya mhimili, la sivyo chumvi itaigandisha na utaivua kwa moto. Ile washa nene ya mbele irudi pahali pake na upande wake, nyingine haifanani kwa propela tofauti. Nati ikaze sawasawa, kota pini mpya, usiinyooshe ya zamani. Ukishatembea kidogo rudi uikaze tena. Na usijaribu pale wavuvi wa mitumbwi wanapotega asubuhi, toka mpaka mahali peupe kwanza ndo ufungue gesi.